Waliokuja Kutufundisha Kuutunza Mto Loseka

Tangu nirudi, kila apitaye mlangoni kwangu ananiuliza jambo lile lile: Mwalimu Sifa, uliaga siku tisa ukakaa wiki tano, kulikoni? Nimejibu nusunusu mpaka nimechoka. Basi naandika mara moja, msome, mpeane karatasi hizi, kisha mniache nipumzike. Habari za tiketi na mihuri sitawasimulia, maana hizo mnazijua na mnazilaani kama mimi.

Jambo moja mlijue kwanza. Sikwenda kutembea. Mama yangu mdogo, Mama Mwamini, anakaa Omekanga, kijiji kilicho mbele ya Tunda, mwendo wa siku moja kwa miguu. Alinitumia ujumbe kwa muuza mawese kwamba kuna mradi unakuja kuwafundisha watu kuutunza mto wao, kijito kiitwacho Loseka. Yeye ndiye mlinzi wa kijito hicho, kama mama yake alivyokuwa. Kifaransa hajui, na wakubwa wa miradi hawajui lugha nyingine. "Umuambie Sifa akuje anisemee," alisema. "Muntu mwingine atasema yake."

Kindu hadi Kibombo

Stesheni nilimkuta bwana mmoja mwenye kofia safi.

"Treni iko nakuja?" nikamwuliza.

"Iko nakuja, mama."

"Lini?"

"Ikifika, utaiona."

Tuliiona siku ya tatu. Siku zote hizo tulipika pale pale kando ya reli, wali na sombe ya majani ya mihogo, na mama mmoja wa Alunguli aliazima sufuria yangu akanirudishia ikiwa na ukoko, akangoja nimshukuru. Treni ilipoingia watu walipiga vigelegele kana kwamba tumefanyiwa hisani. Sisi watu wa Kindu tumezoea kunyimwa mpaka tukipewa kilicho chetu tunapiga makofi.

Saa moja kabla ya treni ndipo alipofika Enjenia wa mradi. Watu wa miradi hawangoji treni, hupigiwa simu. Jina lake Patrice, kijana wa Kinshasa, mpole, mwenye meno mazuri na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, na mvua za mwisho zilikuwa hazijakauka! Alikuja na viti ishirini vya plastiki, jenereta, katoni za fulana, na bango refu lililokunjwa kama mkeka. Aliposikia nakwenda Omekanga, tena najua Kifaransa, alifurahi mno.

"Utakuwa mkalimani wetu," akasema.

"Mimi ni mkalimani wa mama yangu mdogo," nikamjibu.

Akaandika jambo hilo katika daftari lake. Aliandika kila kitu, yule. Nimefundisha darasa la tano miaka ishirini na sita, nawajua wanafunzi wanaoandika kila kitu.

Kutoka Kindu hadi Kibombo tulilala njiani mara mbili. Mara ya kwanza behewa moja lilitoka relini, wanaume wakalirudisha kwa magogo na matusi. Mara ya pili hatukuambiwa sababu. Kila tuliposimama, akina mama walitoka msituni na magunia ya makaa, wakayapanga kando ya reli. Enjenia akaniomba niwaambie kwamba kila gunia ni kipande cha msitu kinachokufa. Nikawaambia. Mmoja wao, mtoto mgongoni, akanitazama mimi badala yake.

"Umuulize, kwabo Kinshasa wanapikaka na nini?"

Nikatafsiri. Enjenia akacheka kwa adabu, akasema ni swali zuri sana, litajadiliwa kwenye atelie, yaani semina yao. Jioni ile ile alinunua magunia mawili ya makaa, akayapakia kwenye treni iliyokuwa ikielekea Kindu, yapelekwe nyumba ya mradi. Alinieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba ya huku ni mazuri kuliko ya mjini.

Siku ya kwanza alikula dagaa wa kopo. Wenzake tulikula viwavi waliokaangwa kwa mawese, na aliwatazama kama mtu anayetazama ajali. Siku ya pili makopo yalikwisha. Siku ya tatu alikuwa akiniomba nimwongezee.

Kibombo hadi Tunda

Kutoka Kibombo ni pikipiki. Yangu iliendeshwa na Salumu, mtu mzima, mwenye tasbihi shingoni na ulimi usiokaa. Enjenia alipanda ya pili, na ya tatu na ya nne zilibeba viti. Wazieni wenyewe: viti kumi kumi, vimefungwa juu chini, vinapita msituni. Watoto wa vijijini walikimbia nyuma yetu wakidhani ni arusi.

Barabara ile nisiwasimulie sana. Mahali ambapo zamani palikuwa na daraja pana gogo moja, kubwa, limechongwa juu likawa bapa kidogo. Watu wa kijiji cha hapo ndio waliolilaza wenyewe, baada ya kuingoja serikali mpaka wazee wao wakafa. Enjenia alisimama katikati ya gogo, akalitazama, akaguna. Ulikuwa mti wa miaka mingi, akasema. Nani aliukata?

Nikatafsiri. Mzee aliyekuwa ameshika pikipiki upande wa pili, tope mpaka magotini, akajibu:

"Ile muti njo unapita juu yake, baba. Pita kwanza."

Tulipokaribia Tunda, pikipiki ya Enjenia ililala kwenye tope, naye akalala pamoja nayo. Aliinuka mweusi kuanzia kisogo mpaka kisigino, na viatu vile havikuonekana tena kuwa vina rangi. Nilicheka. Sitaki kuwadanganya, nilicheka mpaka Salumu akasimama akaniambia niache, mgeni hachekwi hivyo. Mimi sikuacha. Tangu Kindu nilikuwa naingoja siku hiyo, na ilipofika niliila kama karamu.

Tunda palikuwa na atelie ya siku mbili. Wakulima wanawake waliitwa kutoka vijiji vya mbali, wakakalia vile viti, wakapewa fulana na daftari. Enjenia alichora samaki mdogo, akachora mshale, akachora samaki mkubwa. Akaeleza kwamba samaki mdogo akiachwa majini anakua, anazaa, na watu wanapata wengi zaidi. Hilo lilichukua asubuhi nzima, mimi nikitafsiri. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaniinamia.

"Ametoka Kinshasa kuja kutuambia samaki anakomaaka?"

"Ndiyo, bibi."

"Njia ilikuwa muzuri?"

Nilishindwa kutafsiri kwa kicheko. Enjenia akauliza bibi anasemaje, nikamwambia anamtakia afya njema.

Tunda hadi Omekanga

Kutoka Tunda ni miguu. Viti na jenereta vilipanda baiskeli zinazosukumwa, zile zinazobeba madumu ya mawese, na sisi tukafuata nyuma. Enjenia alichoka mapema, akanyamaza, nami nikapata nafasi ya kuitazama njia ile. Mara ya mwisho kuipita kwa miguu nilikuwa msichana, tukiukimbia mji.

Wakubwa miongoni mwenu mnakumbuka Kindu ya miaka ya vita, reli imekufa, hakuna chumvi, hakuna sabuni, watu wa bunduki wanabadilishana mji kama nguo ya kuazima. Baba yangu alinipeleka kwa mama mdogo, akisema kijijini kuna amani. Amani ilikuwepo wiki tatu. Kisha watu wa bunduki wakafika huko nako, tukaingia msituni, kijiji kizima, tukakaa misimu miwili. Tulitengeneza chumvi kwa majivu ya majani ya majini. Tulikula mizizi ambayo hata nguruwe wa porini wangeijadili kwanza.

Hapa lazima niwaeleze sheria ya Loseka, la sivyo yaliyotokea hamtayaelewa. Kijito kina kivuko, na kivukoni hufungwa kamba kutoka mti hadi mti, imening'inizwa makuti machanga ya mwale, ule mti wa kinamasini, yaliyochanwa nyuzinyuzi. Kamba ikiwa juu, hakuna avuaye, hata kama mwanawe analia njaa. Baada ya miaka, mlinzi akiona samaki wamekua, anaishusha mwenyewe wakati wa kiangazi. Siku hiyo wanawake wa vijiji vinne huingia, huziba maji kwa tope na vijiti, huyachota kwa vikapu mpaka samaki wabaki wakirukaruka, huchukua wakubwa, hubomoa tope. Jua likizama yamekwisha, na aliyeishusha kamba anaifunga tena. Na tena: ukiona kamba imeshuka, huulizi kwa nini. Kuuliza ni kumwambia mlinzi kwamba mkono wake ni mzito kutoa. Hakuna tusi baya kuliko hilo kule.

Wakati wa vita, mama yake Mama Mwamini alikuwa amekufa mwaka huo huo akazikwa nyuma ya nyumba, na mama mdogo ndiye aliyekuwa mlinzi mpya. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa pale msituni. Aliishusha kamba kabla ya wakati wake. Wala hatukuwa na nafasi ya kuziba maji na kuchota, watu wa bunduki walikuwa karibu, basi wanaume walitwanga utupa, ile sumu ya majani, wakaumwaga. Samaki wote walielea, wakubwa na wachanga, na mayai yao. Tulikula siku kumi. Nilikula mimi, nikalamba vidole, nikaomba tena. Baada ya hapo Loseka ilikaa miaka bila hata kiluwiluwi.

Mama Mwamini hakujisamehe. Tangu amani irudi amekuwa akikiuguza kijito kile, anakifunga, anakifungua kidogo, anakuta samaki wadogo, anakifunga tena. Safari hii alikuwa amekifunga kwa viangazi vitatu na alibakiza kimoja. Ujumbe alionitumia kwa muuza mawese ulikuwa na maneno mengine ambayo sikuyasema pale juu: kabla hajafa alitaka kukifungua mara moja tu kama mama yake alivyokifungua, samaki wakubwa, vijiji vinne, bila sumu na bila haraka. Mradi aliukubali kwa sababu hiyo hiyo. Alidhani mtu mwenye muhuri wa Kinshasa akiandika kwamba Loseka imefungwa, vijana wenye nyavu za vyandarua watamsikia.

Omekanga

Mama mdogo alinipokea kwa mikono miwili. Amezeeka. Nilimwacha mwanamke wa kubeba gogo, nikamkuta mwembamba, ana kikohozi, macho tu ndiyo yale yale.

"Mwana wangu, umefika. Huyu njo muntu yenyewe?"

"Njo yeye."

"Ni mutoto kabisa," akasema kwa huruma, akaenda kumkamata kuku.

Kuku alikuwa mmoja. Aliwekwa mbele ya mgeni, kwenye meza yenye kitambaa, na mgeni akaketi kwenye kiti chake mwenyewe cha plastiki. Mimi na mama mdogo tulikula sombe mekoni. Hilo si kosa, ndiyo desturi, mgeni ndiye mwenye kuku. Lakini nilipompelekea maji, Enjenia alionja, akanigeukia, akasema kwa Kifaransa chake laini kwamba chakula ni kitamu, ila kinahitaji chumvi kidogo.

Huku huku, tulikokuwa tukichemsha majivu ili tupate chumvi! Sikutafsiri. Nilikwenda kumletea chumvi, nikaiweka mezani kwa kishindo, naye akanishukuru. Nililala na hasira ile na nikaamka nayo.

Asubuhi mama mdogo alikwenda shambani kuchimba karanga za kuwapikia watu, maana mchana kungekuwa na sherehe ya kuuzindua mradi kivukoni. Nilikuwa nimekaa nje namenya mihogo. Enjenia akaja, amebeba bango lake begani.

"Mama Sifa," akasema, "yale majani yanayoning'inia pale kivukoni ni ya nini? Yapo mahali pazuri pa bango."

Nisikilizeni vizuri hapa. Ningeweza kumwambia. Yalikuwa maneno kumi, kumi na tano. Lakini nilikumbuka chumvi, nikakumbuka samaki na mshale wake, nikasema moyoni, huyu aliyekuja kutufundisha mto, na aulize wenye mto. Na aende kuwauliza mbele ya watu wote mchana, aaibike. Nilitaka nicheke tena kama nilivyocheka kwenye tope.

"Ni majani ya mwale," nikamjibu.

"Majani tu?"

Niliendelea kumenya mihogo. Akasubiri kidogo, akanishukuru, akaenda. Mimi nikachukua ndoo nikaenda kuoga. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, wasemavyo, lakini hakuna methali niijuayo ya mtu aliyejikwaa kwa kuuzuia ulimi wake makusudi.

Loseka

Nilikuwa najipaka mafuta niliposikia kigelegele upande wa mto. Kikajibiwa na kingine mbali, kisha ngoma ya kijiji cha pili, kisha ya tatu. Niliijua ngoma ile. Nilikimbia na kanga moja.

Enjenia alikuwa ameikata kamba kwa kisu, akaikunja vizuri, akaiweka kando ya mti, maana ni mtu wa usafi. Mahali pake lilikuwa limetandazwa bango, bluu na nyeupe, lenye picha ya samaki, limeandikwa kwa Kifaransa kwamba Loseka ni mto unaotunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Chini ya bango wanawake wawili waliokuwa wakipita na mihogo ya kuloweka walikuwa wameshatua mizigo na kuanza kukusanya tope. Hawakuuliza. Wangeulizaje? Kamba imeshuka, mlinzi ametoa.

Wengine walikuja mbio, vikapu vichwani, wengine na nyungo za kupepetea mpunga, wazee, wajawazito, watoto wa shule na walimu wao. Wanawake waliovaa fulana za atelie ndio waliokuwa mbele. Loseka ilizibwa mahali kumi kwa mara moja.

Mama mdogo alitokea kwenye njia ya shamba na karanga kichwani. Akasimama. Akautazama mti wa kushoto, akautazama mti wa kulia.

"Mama, tuwazuie," nikamwambia. "Nitapiga kelele. Nitawaambia ni makosa."

"Utawazuia na nini?"

"Na ukweli!"

Akautua mzigo taratibu. "Kamba imeanguka, Sifa. Nikisema leo haikuanguka, kesho nani ataiamini ikisimama?"

Akakaa chini, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyekuja kutazama. Walipompita walimsalimia kwa furaha, wakimwita mwenye mkono mwepesi, wakimwombea maisha marefu. Akaitikia kila mmoja.

Samaki walitoka. Kambale wa urefu wa kiganja, na wengi wa kidole gumba. Majike walikuwa wamejaa mayai, ukiwashika yanatoka yenyewe. Mwaka mmoja zaidi na wangekuwa wa kubebwa begani. Niliwaona wanawake wazee wakiinua samaki, wakimpima kwa macho, wakitazamana, kisha wakimtia kikapuni bila neno. Walijua kwamba ni mapema. Lakini adabu ni adabu, na wakimrudisha majini watakuwa wamemwambia mlinzi kwamba amekosea hesabu. Nimekulia katika adabu hiyo na siku ile niliichukia.

Enjenia peke yake ndiye aliyekuwa na raha. Alipiga picha mpaka jenereta ikawashwa kuchaji simu. Aliniambia amefanya kazi katika mikoa minne na hajapata kuona jamii inayojitokeza hivi siku ya kwanza. Alikuwa na machozi, nawaapia, machozi ya kweli. Kisha akapanda juu ya kiti na kuniomba nitafsiri.

"Waambie nawapongeza. Waambie nimeona kwamba mto huu ni wao kweli."

Nilimtazama mama mdogo. Nikatafsiri neno kwa neno.

"Umuambie asante," mama mdogo akasema. "Na umupe samaki apeleke kwabo."

Alichagua mwenyewe wawili, wenye mayai, akawafunga kwenye majani ya mgomba. Enjenia akawapokea kwa mikono miwili, akapiga picha nao. Alasiri alishika njia ya Tunda, akitaka kulala kijiji cha njiani kabla ya giza, akatuachia viti sita, fulana zilizobaki na bango. Sikumwambia kitu. Nilipaswa kumwambia asubuhi, na jioni ingekuwa ni kujisafisha tu.

Kufunga kamba

Jua lilipozama watu walibomoa tope, wakaenda na vikapu vyao. Tulibaki wawili kivukoni. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Nani aliikata?" mama mdogo akauliza.

"Enjenia."

"Alikuuliza?"

Ningeweza kumdanganya. Yule kijana alikuwa amekwisha kwenda, na nani angemwuliza?

"Aliniuliza."

"Ukamuambia nini?"

"Kwamba ni majani."

Alikohoa muda mrefu. Nikasema mengine, maneno mengi, kwamba wale watu hujifanya wajuzi, kwamba hawasikilizi, kwamba alilalamikia chumvi. Aliniacha nimalize.

"Yeye hakujua," akasema. "Wewe ulikula samaki ya hapa. Ulijua."

Hakunitukana, wala hakupandisha sauti, wala hakulia. Ningependa angefanya lolote kati ya hayo. Aliniambia kwamba aliyeishusha kamba ndiye anayeifunga, na aliyeishusha ni mimi, mkono ulioshika kisu si hoja. Kamba ya Loseka haifungwi na kila mtu: ni lazima uende mwenyewe kwenye kinamasi ukayakate makuti machanga, uyachane kwa ukucha, uyakaushe, usokote kamba ya nyuzi tatu isiyo na kifundo. Vidole vyangu vimeshika chaki maisha yote. Kamba ya kwanza ilikatika, ya pili akaifungua yote akanirudishia, ya tatu mvua iliinyeshea kabla haijakauka. Basi wiki zenu tano zilikwenda huko. Mchana nilisokota, na wapitao njiani walinitazama bila kuuliza, maana ndivyo walivyo.

Siku niliyoifunga, alikuja akaivuta kwa mikono miwili, akaning'inia kidogo kwa uzito wake wote, ambao sasa si mwingi. Ikashika. Bango la mradi alinionyesha alikolipeleka: ameezekea banda la kuku wake, samaki wa picha anatazama juu.

Kurudi kwangu sitakusimulieni. Tope lilikuwa limekauka, basi ni vumbi, na treni ni ile ile. Tunda nilisikia kwamba picha za siku ile zimefika mbali, na kwamba wakubwa wameridhika, na mwaka ujao wataleta mradi kama huo kwenye mito mingine mitatu. Salumu ndiye aliyenipa habari hiyo. Alidhani nitacheka.

Asubuhi ya kuondoka, mama mdogo alinisindikiza mpaka kivukoni, polepole, ameshika bega langu. Tulipita chini ya kamba. Upande wa pili akasimama kupumua.

"Viangazi vinne tena," akasema. "Uhesabu vizuri, wewe njo mwalimu. Aliyefunga njo atashusha."

"Utakuwepo, mama. Tutaishusha pamoja."

"Hapana," akasema, kwa upole ule ule wa siku alipomwonea Enjenia huruma. "Nitakuwa pale nyuma ya nyumba, karibu na mama. Utashusha wewe. Halafu utakuja uniambie walikuwa wakubwa kiasi gani." Akaliachia bega langu. "Na usinidanganye."